Johannes Rebmann na Majina ya Nchi Yetu

Kamati ya historia ya usharika wetu ilipokutana mara ya kwanza kuandaa kitabu hiki cha miaka mia moja, mjumbe mmoja alifika na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kamba. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa ombi lake mwenyewe simtaji jina. Tangu alipostaafu amekuwa akipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wazee majina ya mifongo, ya vijito, ya vilima na ya njia za zamani ambazo leo zimemezwa na migomba au na barabara. Kando ya kila jina ameandika nani alimwambia, na kama mzee mwingine alisema vingine, ameandika na hilo pia. Baadhi yetu, nami nikiwa mmojawapo, tuliona kwamba kitabu cha kanisa kingetosha kueleza habari za wachungaji, wainjilisti na majengo. Yeye alishikilia kwamba Injili haikuja mahali pasipokuwa na jina.

Katika mazungumzo hayo nilimkumbusha habari za mtu aliyepita katika nchi hii na daftari lake muda mrefu kabla ya usharika wetu kuwapo, nalo daftari hilo likamletea taabu kubwa. Wanakamati wakanitaka niiandike habari hiyo. Mtu huyo ni mmisionari Johannes Rebmann. Jina lake linajulikana kwa watoto wote wa shule, lakini wengi wetu tunajua siku moja tu ya maisha yake, ile ya tarehe 11 Mei 1848.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg. Wazazi wake walikuwa wakulima. Kanisa la huko lilikuwa la Kilutheri, na katika vijiji vingi vya Württemberg moto wa uamsho ulikuwa unawaka. Watu wa kawaida walikutana majumbani kusoma Biblia na kusikia habari za misioni za mbali. Mwaka 1839 kijana huyu aliingia katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, na mwaka 1844 akapelekwa katika chuo cha Islington, London. Kwa hiyo Mlutheri huyu aliwekewa mikono na kutumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaomhesabu kuwa mwanzilishi wa Kanisa letu katika Kilimanjaro. Sivyo. Hakubatiza mtu hata mmoja huku kwetu. Misioni ya Leipzig ilianza kazi yake Machame mwaka 1893, naye alikuwa amelala kaburini miaka kumi na saba.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846 akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alimkuta Johann Ludwig Krapf, naye mtu wa Württemberg, aliyemtangulia kwa miaka miwili na ambaye mwezi Julai 1844 alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika nchi hiyo hiyo. Mwezi Agosti 1846, wote wawili wakiwa wanatetemeka kwa homa, walipanda kilima na kuhamia Rabai kwa idhini ya wazee wa kaya. Hapo ndipo Rebmann alipoanza kazi ambayo hakuiacha mpaka macho yalipomtoka: kusikiliza neno, kuliandika, kulirudia mbele ya mwenyewe ili asahihishwe, na kuliandika tena.

Hata hivyo si kila alichoandika kilikuwa sahihi. Katika vitabu vyao Krapf na Rebmann waliwaita wenyeji wao Wanyika, kwa kufuata watu wa pwani, na maana yake ni watu wa nyikani. Wenyewe hawakujiita hivyo, na leo tunawajua kwa jina la Mijikenda. Hata sisi tuliitwa Wajagga katika maandishi hayo, wakati babu zetu walijitambulisha kwa mangi wao na kwa nchi yao ndogo: huyu wa Machame, huyu wa Kilema, huyu wa Uru. Jina la Wachagga tulilipokea kutoka nje, tukalivaa, na sasa limekuwa letu. Mwalimu wetu mstaafu ameliandika jambo hili katika daftari lake la kwanza, na chini yake amepiga mistari miwili.

Mwezi Oktoba 1847 Rebmann alikwenda Kasigau katika nchi ya Wataita. Huko na kule Mombasa alisikia habari za wafanya biashara wa misafara waliokwenda kununua pembe za ndovu katika nchi iliyo chini ya mlima mkubwa. Watu wa pwani waliuita mlima huo Kilimanjaro, na walionya kwamba umejaa majini na kwamba waliojaribu kuupanda walipatwa na mabaya. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara, Mswahili wa Mombasa aliyeitwa Bwana Kheri, ambaye alikuwa ameijua njia hiyo kwa miaka mingi. Mwenyewe hakuchukua bunduki. Alichukua mwavuli, ambao ulimfaa zaidi ya bunduki, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zinanyesha.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, wakiwa katika uwanda unaoelekea Taveta, mawingu yalifunguka na Rebmann akaona juu ya kilele kimoja kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, maana jambo lote linasimama juu ya jibu hili. Bwana Kheri hakuwa na neno la kitu kile. Leo tunasema theluji, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo tunalikuta katika Biblia zetu, lakini mtu wa Mombasa wa siku zile, ambaye hajapata kuiona wala kuishika, angelitoa wapi? Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann, mtoto wa nchi yenye theluji kila mwaka, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliketi akasoma Zaburi ya 111, ambayo ndiyo aliyokuwa ameifikia katika usomaji wake, kisha safari ikaendelea hadi Kilema kwa Mangi Masaki, ambaye alimpokea vizuri.

Lakini Rebmann hakutosheka na macho yake mwenyewe. Katika safari hiyo na ile ya pili, iliyomfikisha Machame kati ya Novemba 1848 na Februari 1849, aliwauliza wenyeji. Akajifunza kwamba watu wa huku walikijua kile cheupe kuliko watu wa pwani. Walimwambia kwamba ni Kibo, na kwamba kikiletwa chini huwa maji. Alisimuliwa pia kwamba Mangi Rungua wa Machame, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu kwenda kupeleleza kitu kile, na kwamba alirudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa Ulaya kuona theluji ya Kilimanjaro alikuwa amechelewa. Utafiti ulikwisha kufanywa na watu wa Machame, na gharama yake ilikwisha kulipwa. Ni sifa kwa Rebmann kwamba aliandika hayo pia, wala hakujitwalia utukufu wote.

Kuhusu maana ya jina Kilimanjaro, Rebmann na Krapf walidhani ni mlima wa ukuu. Krapf aliona pia kwamba huenda ni mlima wa misafara. Baadaye Joseph Thomson alisema ni mlima wa weupe, na Hans Meyer akalihusisha jina hilo na pepo mwovu. Wazee wetu wengine hulitafuta katika Kichagga, kwamba ni kitu kishindacho safari. Mimi sioni kwamba yuko aliyekwisha kuthibitisha. Lililo hakika ni kwamba babu zetu hawakuwa na jina moja la mlima mzima. Walikuwa na Kibo, ambalo huelezwa kuwa ni chenye mabaka, na Kimawenzi, kile kilichovunjika-vunjika kichwa. Na kila mtoto aliyelelewa huku amesikia jinsi Kibo alivyompiga mwenzake kwa mchi kwa sababu ya kuomba moto kila mara. Ajabu ni kwamba jina lililokwenda duniani kote ni la wapita njia. Majina ya wenye nchi yalibaki kwa vilele.

Safari ya tatu, ya Aprili hadi Juni 1849, ilikuwa ya huzuni. Rebmann alitaka kupita Machame kwenda Unyamwezi, akachukua wapagazi wengi zaidi na nguo za kutosha kulipia njia. Mangi Mamkinga alimkaribisha kwa upole, kisha siku baada ya siku nguo zikaombwa, zikatolewa na kuisha. Kwa desturi ya wazee wetu, ambayo wengi mliopo bado mnaikumbuka, kumtemea mtu mate kidogo ni kumbariki na kumtakia amani njiani. Rebmann alibarikiwa hivyo, na kwa baraka hiyo akadaiwa zawadi nyingine. Naye hakuelewa kwamba kwa Mamkinga mgeni anayepita na mali kwenda kwa watu wengine ni jambo zito la utawala. Aliona uchoyo tu. Alirudi Rabai mgonjwa, amenyeshewa, mikono mitupu. Hakuiona tena nchi hii.

Wakati huohuo habari zake zilikuwa zimefika London na kuchapishwa katika jarida la CMS mwaka 1849. Zilisomwa na Bwana William Desborough Cooley, mwanachuoni wa jiografia aliyeandika vitabu vingi juu ya Afrika bila kukanyaga nchi hii. Alikuwa amekusanya habari zake kutoka vitabu vya zamani na wasafiri aliokutana nao, na katika mpangilio wake mlima wenye theluji karibu na mstari wa ikweta haukuwa na nafasi. Mwaka 1852 alichapa kitabu ambamo habari za Rebmann zilikanushwa na hata uwezo wake wa kuona ukatiliwa shaka. Krapf naye alikuwa ameuona Mlima Kenya kutoka nchi ya Wakamba mwezi Desemba 1849, ukiwa na theluji, na yeye pia hakuaminiwa. Rebmann alijibu, lakini alikuwa na nini cha kuonyesha? Hakuwa na vyombo vya kupimia. Alikuwa na neno la kiongozi wake, maneno ya wenyeji na macho yake. Kwa wakubwa wale, ushahidi wa mpagazi na wa mzee wa Machame haukuwa ushahidi.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alifika pamoja na mpimaji Richard Thornton, na mwaka 1862 alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda hadi mita zipatazo 4,300 na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Cooley hakukubali hata baada ya hapo. Nimepata kusikia wahubiri wakilitumia jambo hili kama mfano wa imani na kutoamini. Nadhani ni jambo la kawaida zaidi ya hilo: mtu aliyekwisha kuchora ramani yake hapendi kuifuta.

Na ili tusimsifu Rebmann kupita kiasi, yeye naye alichora ramani. Baada ya mwaka 1849 hakusafiri tena bara. Mwenzake Jakob Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa katika mwaka 1854, akiwauliza watu wa misafara majina ya vituo, mwendo wa siku ngapi kutoka huku hadi kule, na njia inaishia wapi. Rebmann aliuliza vivyo hivyo upande wa Mombasa. Kila njia, ya kaskazini, ya kati na ya kusini, ilisemekana kuishia kwenye maji makubwa. Wakaziunganisha habari hizo wakapata bahari moja kubwa ya bara, yenye umbo kama konokono asiye na nyumba, iliyotandaa katikati ya Afrika. Ramani hiyo ilichapwa mwaka 1855 na 1856 ikawashangaza wataalamu. Wengine waliicheka. Lakini ndiyo iliyochangia kuwafanya Burton na Speke watumwe, na mwaka 1858 ikajulikana kwamba si bahari moja. Kuna Tanganyika, kuna Nyanza, na kusini yake kuna Nyasa. Watu wa misafara hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza maji aliyoyaona. Waliokosea ni waliounganisha bila kwenda kutazama.

Burton na Speke walipopita Rabai mwanzoni mwa mwaka 1857 walimtaka Rebmann afuatane nao, lakini hakukubali. Kufikia wakati huo alikuwa amebaki karibu peke yake. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa, na Erhardt mwaka 1855. Kati ya Krapf na Rebmann kulikuwa na tofauti ambayo sisi wachungaji tunaielewa: Krapf aliota mfululizo wa vituo vya misioni kutoka bahari hadi bahari, na Rebmann aliona afadhali mtu akae mahali pamoja mpaka aelewe na aeleweke. Mwaka 1851 alikuwa amemwoa mjane Mwingereza, Emma Tyler. Walipata mtoto mmoja akafa akiwa mchanga. Mwaka 1857 vita vya Wamasai viliwafukuza hadi Zanzibar, na waliporudi Rabai walianza upya. Bibi Rebmann alifariki mwaka 1866 akazikwa huko huko.

Matunda ya kazi, kwa hesabu ya takwimu za kanisa, yalikuwa machache mno. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu aliyekuwa kilema na mgonjwa, aliyefariki muda mfupi baadaye mwaka 1851. Katika miaka iliyofuata walibatizwa Abe Gunja, Abe Sidi na wengine wachache. Lakini kila siku Rebmann aliandika maneno: ya Kirabai, ya Kiswahili, na ya lugha ambayo hakupata kufika katika nchi yake. Hiyo ilikuwa Kiniasa. Mwalimu wake alikuwa mtumwa aitwaye Salimini, aliyechukuliwa kutoka nchi za upande wa Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Rebmann aliketi naye akamwuliza majina ya vitu vyote: mimea, vyombo, viungo vya mwili, sala za wazee wake. Nchi ile Salimini alikuwa ameibeba kichwani tu, na bila daftari la Rebmann ingezikwa pamoja naye pwani. Nikiulizwa kati ya siku ile ya theluji na miaka ile ya kuketi na Salimini ni ipi iliyo kubwa zaidi, najibu ya pili, ingawa haimo katika vitabu vya shule.

Kisha macho yakaanza kuzimika. Cooley alikuwa amewaambia watu kwamba Rebmann haoni vizuri. Sasa ikawa kweli, miaka ishirini baada ya tuhuma. Bwana Bartle Frere alipotembelea pwani mwaka 1873 katika kazi ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee karibu kipofu, akiwa na kundi dogo la waumini na maandishi yake. Mwaka 1875, baada ya miaka ishirini na tisa ambayo hakwenda likizo hata mara moja, aliondoka Afrika. Aliyemshika mkono njia nzima hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Sidi. Ninapofikiri juu ya safari hiyo naona kwamba mambo yaligeuka: sasa mgeni hakuona, na mwenyeji wa Rabai ndiye aliyemweleza, katika nchi ya Württemberg yenyewe, kilichokuwa mbele ya macho yake.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, karibu na alikozaliwa, jirani ya rafiki yake Krapf. Alioa tena, lakini hakuishi mwaka. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akazikwa hapo. Krapf aliyatengeneza maandishi yake, na mwaka 1877 kamusi ya Kiniasa ikachapwa. Kamusi ya Kirabai ilitoka mwaka 1887. Krapf mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1881.

Katika nchi yetu kazi ya kuandika majina na habari za wazee iliendelea kwa mikono ya wenyeji. Kati ya waliotangulia alikuwa Nathanael Mtui, mwalimu wa misioni kutoka Marangu, aliyejaza madaftari ya historia ya Wachagga mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wataalamu waliokuja baadaye waliyategemea sana. Kutoka kwake hadi kwa mwalimu wetu mstaafu ni njia moja. Katika sura inayofuata mtasoma majina ya mifongo arobaini na moja aliyoyakusanya. Kumi na miwili kati yake haina maji tena, na sita hakuna mwenye umri chini ya miaka sabini aliyeweza kuionyesha.

Karibu na kilele cha Kibo, upande wa kusini, kuna barafu inayoitwa kwa jina la Rebmann. Mwaka 1912 barafu yote ya mlima ilipimwa ikawa kilometa za mraba zipatazo 11. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Mwalimu wetu ametuomba tuweke katika kitabu hiki picha ya mlima iliyopigwa kutoka uwanja wa kanisa, na chini yake tuandike tarehe, saa, na jina la aliyepiga. Tumefanya hivyo.